Kurudisha Dhuluma Kabla ya Kuomba Mvua

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ni kuleta kabichi na viazi kutoka Karatina hadi soko la Kongowea alituletea suali ambalo hatukuweza kulimaliza usiku ule. Alisema: "Maalim, wakulima ninaonunua kwao wanasema mvua imehama. Masika huchelewa, na yakija huja siku chache kwa kishindo kisha yakakatika. Vuli nayo mwaka mmoja huwa haba na mwaka wa pili huwa gharika. Je, hii ni adhabu? Na kama ni adhabu, ni ya nani?"

Kabla maalim hajafungua kinywa, mzee mmoja aliyeketi karibu na nguzo alijibu: "Ni ya watu wa bara, mwanangu. Wasiosujudu watapataje mvua?" Wengi wakaitikia kwa vichwa, na baadhi yetu tulioandika maneno haya tulikuwa miongoni mwa walioitikia. Lakini tulipotoka msikitini jawabu lile halikutupa raha. Tumeona ni wajibu wetu kulichungua, kwani neno jepesi likikubaliwa na wengi huwa zito kuliondoa.

Kwanza na tujue ni nini kilichohama. Wanavyuoni wetu wa zamani waliigawa dunia ikaliwayo katika iklimu saba, kuanzia upande wa Ikweta kwenda kaskazini. Ibn Khaldun katika Mukadima yake aliufuata mgawanyo huo, na akajaribu kueleza kwa hewa na joto mambo ambayo watu waliyaeleza kwa hadithi tu. Miongoni mwa aliyoyakataa ni ile kauli kwamba weusi wa watu weusi ni laana iliyomshukia Hamu, mwana wa Nuhu. Alisema wenye kusema hivyo hawajui tabia ya vitu. Ibn Khaldun mwenyewe, kwa bahati mbaya, hakusalimika na dharau alipoandika juu ya tabia za watu wa kusini, lakini katika hili alisimama vyema: palipo na sababu ya kimaumbile, mtu asikimbilie laana.

Nchi ya Kenya nayo imegawanywa iklimu saba, ingawa si zile za Ibn Khaldun. Katika ramani iliyotolewa mwaka 1982 wataalamu walichukua mvua ya mwaka wakailinganisha na nguvu ya jua na upepo ya kuyarusha maji hewani. Palipo na mvua inayozidi asilimia 80 ya nguvu hiyo pakawa ukanda wa kwanza, na palipo na chini ya asilimia 15 pakawa ukanda wa saba, yaani jangwa au karibu na jangwa. Kanda tatu za kwanza, ambazo ndizo zenye chai, kahawa na mahindi ya uhakika, hazifiki hata humusi moja ya nchi yote. Sehemu zilizobaki ni nchi kavu na nusu kavu.

Aendaye Nyeri huweza kuzipita kanda kadhaa kabla ya adhuhuri. Upande mmoja ni safu za Nyandarua, na upande wa pili ni Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga. Othaya na Tetu ni kijani cha chai na kahawa. Ukipanda Mweiga na Naro Moru, katika nchi ya Kieni, ghafula majani huwa manjano na miti huwa mifupi, kwani milima imeizuia mvua isifike huko. Sababu yake sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuifahamu. Pepo zinazotoka katika bahari yetu, zile zile kusi na kaskazi zilizowaleta na kuwarudisha wazee wetu na majahazi yao, hubeba unyevu hadi bara. Zikiupiga mlima kutoka mashariki na kusini-mashariki hulazimika kupanda, na zikipanda hupoa, na zikipoa huacha mzigo wao. Ndiyo maana miteremko ya juu ya upande wa Embu na Chogoria hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, na Nanyuki, iliyoko nyuma ya mlima huo huo, haipati hata nusu yake.

Mpaka baina ya ukanda na ukanda, basi, si ukuta. Ni hesabu ya vitu viwili, mvua na joto, na kimoja kikibadilika mpaka husogea. Mvua ikibaki vile vile na joto likaongezeka, shamba lililokuwa la ukanda wa tatu huingia wa nne bila ya tone moja kupungua. Na mvua ya mwaka mzima ikimwagika kwa siku kumi badala ya siku arubaini, kipimo cha mwisho wa mwaka kitasema hapakuharibika kitu, hali mkulima amevuna mabua. Wakulima wanaosema mvua imehama hawakukosea, ingawa pengine mvua yao haikwenda mbali.

Tena tusiharakishe kusema kwamba mambo haya yameanza jana. Mwaka 1893 mwanachuoni wa Kiingereza J. W. Gregory aliifikia barafu ya Mlima Kenya, na mwaka 1899 Mackinder akafika kileleni. Wakati huo mlima ulikuwa na vitanda vya barafu 18. Leo vingi vimekwisha, na vilivyobaki ni mabaki. Kile kikubwa kiitwacho Lewis kilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake baina ya mwaka 1934 na 2010. Waliochunguza jambo hili wameona kuwa kupungua kule kulianza tangu miaka ya 1880, wakati maziwa ya Afrika Mashariki yaliposhuka na mawingu yakawa haba, kabla moshi wa viwanda haujawa mwingi hivi. Kisha mwishoni mwa mwaka 1961 ikaja mvua kubwa ambayo wazee wetu bado waliihadithia, na Ziwa Viktoria likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata. Mvua ya nchi hizi imekuwa ikipanda na kushuka tangu zamani.

Lakini kulijua hilo hakutufungi macho kwa jipya. Tangu miaka ya 1980 masika yamekuwa yakipungua, na wenye kuchunguza wanaona mkono wa joto la bahari za Hindi na Pasifiki katika kupungua huko. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022 misimu mitano ilishindwa mfululizo, jambo lisilokuwa limeonekana kwa miaka arubaini. Mwaka 2023 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilihesabu kwamba ukame wa namna ile umekuwa rahisi kutokea mara mia moja kuliko ambavyo ungekuwa lau dunia isingepashwa joto na watu. Kisha, kama kwamba mlango umefunguliwa kwa teke, vuli ya 2023 na masika ya 2024 zikaleta mafuriko. Mto Tana ukafurika, njia za Garissa zikakatika, na waliokuwa wakilia kwa kiu wakalazimika kuhama kwa maji.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa nguzoni. Alisema ni adhabu ya wasiosujudu. Nasi twamuuliza kwa adabu: misimu ile mitano iliua ng'ombe wa nani? Iliua ng'ombe na ngamia wa Wajir, Mandera, Garissa, Isiolo na Tana River, nchi ambazo adhana haikatiki kutoka msikiti hadi msikiti. Ikiwa ukame ni hati ya hukumu, basi hati hiyo ilipelekwa kwanza katika nyumba zetu wenyewe, na kwa maskini wetu kabla ya matajiri. Hapana Mwislamu mwenye haya atakayesema hivyo mbele ya mama wa Wajir aliyezika mtoto. Na huko Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru kuna Waislamu tangu siku za mwanzo za miji hiyo, wenye mitaa na misikiti yao. Je, mvua huwapita wao ikawanyeshea jirani?

Tunayo hoja kubwa kuliko hiyo. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Lau Mtume (S.A.W.) angekuwa mtu wa kutafuta sifa, angenyamaza tu, na umati wote ungeamini. Hakunyamaza. Aliwaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Twaona ndani yake funzo ambalo umma wetu umelisahau: Mtume (S.A.W.), katika saa ya huzuni yake, alikataa kuugeuza mwendo wa mbingu uwe hadithi ya nyumba yake. Sisi ni nani hata tuugeuze uwe hadithi ya fitina zetu na watu wa bara?

Atasema msemaji: Je, mwakanusha kwamba dhambi huondoa baraka? Hatukanushi. Imepokewa katika Ibn Majah kwamba watu wakizuia zaka huzuiliwa mvua, na kwamba lau si wanyama wasingenyeshewa. Lakini maneno haya mtu huambiwa ajihesabu nafsi yake, hakupewa awe fimbo ya kumpigia jirani. Na aya ya 41 ya Suratu Rrum, inapotaja uharibifu wa bara na bahari, inautia katika yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mikono, ndugu zetu. Mtu akiukata msitu wa mteremkoni, udongo huteremka na mto hukauka. Hapo dhambi na adhabu yake hazikutenganishwa hata kwa kitambo: adhabu imo ndani ya tendo lenyewe. Hii ndiyo maana tunayoiona iko karibu zaidi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.

Basi mikono ya nani? Mwaka 1999 shirika la serikali linalohifadhi wanyama wa mwitu liliruka kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya likakuta miti ya thamani imekatwa kwa maelfu, tanuri za makaa zinafuka moshi, na mashamba ya bangi yamefichwa ndani ya msitu. Waliofanya hayo hawakuwa Wazungu wala majini. Na kabla ya hapo, katika kijiji cha Ihithe hapo hapo Nyeri, mwaka 1940 alizaliwa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianzisha harakati ya wanawake ya kupanda miti, akapigwa, akafungwa, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Hakuwa wa dini yetu. Lakini alilolifanya ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilisifu pale aliposema kwamba apandaye mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Twaona haya kwamba ilitubidi tufundishwe na jirani.

Upande wa kaskazini ya mlima huteremka Ewaso Ng'iro, ukipita Archer's Post kwenda nchi ya Waborana na Wasomali hadi bwawa la Lorian. Tangu miaka ya 1960 maji yake ya kiangazi yamepungua sana. Mvua ina sehemu katika hilo, lakini sehemu kubwa ni mifereji na pampu za juu, za wakulima wadogo na za mashamba makubwa ya maua na mboga yaliyoenea pande za Nanyuki na Timau. Katika miaka ya ukame mto umekauka kwa masafa marefu, na mfugaji wa chini hufika na mifugo yake akakuta mchanga. Sheria ya maji ya mwaka 2002 ilileta jumuiya za watumia maji, ambazo huwakalisha watu wa juu na wa chini katika baraza moja, na mahali pengine zimezuia damu kumwagika.

Suala hili si geni katika sharia. Zubeir bin Awwam, aliyekuwa binamu wa Mtume (S.A.W.), aligombana na Ansari mmoja juu ya mfereji uliopita kwanza katika shamba la Zubeir. Mtume (S.A.W.) alimwambia Zubeir anyweshe kisha ayaachie maji yende kwa jirani yake. Ansari akakasirika, akadai kuwa Zubeir amependelewa kwa udugu. Hapo Mtume (S.A.W.) akampa Zubeir haki yake kamili, azuie maji mpaka yafike kwenye ukuta, kisha ayaachie. Tazameni hukumu hii. Wa juu ana haki ya kutangulia, na haki hiyo ina kipimo. Wa chini hakuachiwa huruma ya wa juu, amepewa haki ya kupokea kilichobaki. Wanavyuoni wamejenga juu yake milango mizima ya fikihi. Ingefaa isomwe Nanyuki kama inavyosomwa Lamu.

Na sisi wa pwani tu wa chini, wala si wa chini wa mbali. Tana, mto mrefu kuliko yote ya Kenya, hupata maji yake Nyandarua na Mlima Kenya, huzungusha mitambo ya umeme ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, kisha humwagikia baharini karibu na Kipini. Wingu lililotoka kwetu hurudi kwetu. Taa tunazozisomea Burda na khitma zimewaka miaka mingi kwa mvua ya Nyeri. Kwa upande wa Malindi, mto Sabaki huleta udongo mwekundu kutoka bara hadi ufukoni. Wataalamu waliyakata matumbawe ya Malindi wakayasoma kama mtu asomavyo daftari ya miaka mia tatu, wakakuta kwamba tope liliongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, nchi ya juu ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa namna mpya katika siku za utawala wa Kiingereza. Mvuvi wa Malindi amekuwa akilipa deni la jembe asilolishika.

Mwalimu wetu alitukumbusha hapa mfano wa jahazi ulio katika Bukhari: watu walipiga kura, wengine wakakaa juu na wengine chini, na wa chini walipochoka kupita kwa wa juu kuteka maji wakaazimu kutoboa upande wao. Wakiachiwa, wote watazama. Sisi watoto wa manahodha tumeusikia mfano huu tangu madrasa, na kila tukiusikia hujidhani kuwa ni wale wa juu wenye kuzuia. Hatujiulizi kama sisi ndio wenye tezo.

Mikoko ya Lamu na ya Tana tumeikata kwa boriti na kwa kuni za tanuri za chokaa kupita kiasi. Makaa tunayochomea mishikaki hutoka katika miti ya Kwale, Kitui na Tana River, na ukame wa huko tunausikia kwa redio. Maji ya Mombasa hutoka mbali, chemchemi ya Mzima na visima vya Baricho, na bado bomba la kutawadhia huachwa wazi mtu akizungumza na mwenziwe. Na lipo jambo zito zaidi ambalo majarida yetu huliogopa. Tunapenda kusema kuwa dunia imepashwa joto na viwanda vya Ulaya, Marekani na Uchina, na ni kweli kwamba moshi wa Kenya ni haba mno katika moshi wa dunia. Lakini mafuta yanayochomwa, sehemu yake kubwa imechimbwa katika nchi za Waislamu, na wengi wetu tuna ndugu huko Ghuba wanaotuletea misaada ya misikiti kutoka katika mali hiyo hiyo. Hatusemi misaada irudishwe. Twasema tusinyooshe kidole kimoja tukasahau vingine. Watu wa Lamu walipoupinga mtambo wa makaa ya mawe, na baraza ya mazingira ikaifuta ruhusa yake mwezi wa Juni 2019, walifanya jambo ambalo lingestahili khutba ya Ijumaa katika kila mji wa pwani. Tulizisikia khutba chache.

Katika miji yetu, mvua ikichelewa, wako wanaozungusha ng'ombe mjini kisha wakamchinja, na maneno ya kulipinga hilo tumeyasema katika kurasa hizi mara nyingi, hatutayarudia. Wazee wa Kikuyu nao waliomba mvua kwa kondoo chini ya mti wa mugumo, nyuso zao zikiuelekea mlima. Hatuoni sababu ya kuwacheka hali tuna ng'ombe wetu. Sunna iliyothibiti ni swala ya istiska, na Mashafi wamesema kwamba hata walio katika neema hupendezewa kuiswali kwa ajili ya walio katika dhiki. Tusingoje, basi, kisima chetu kikauke. Lakini soma masharti yaliyotajwa katika vitabu vya madhehebu yetu: kabla ya kutoka kwenda uwanjani, imamu awaamrishe watu watubie, wafunge siku tatu, watoe sadaka, na warudishe dhuluma kwa wenyewe. Hili la mwisho ndilo tunalolipita mbio. Tunatoka na kanzu kuukuu, na watoto, na mifugo, tukageuza mashuka yetu kama ilivyokuja katika sunna, na dhuluma tumeiacha nyumbani imefungiwa kabatini.

Tuliposoma haya darsani, mwenzetu wa kabichi aliinua mkono tena. Alisema anawajua wakulima wawili ambao huvuta maji mtoni usiku kwa pampu bila ya ruhusa, na kabichi zao ndizo nzuri kuliko zote, naye huzinunua kwa kuwa wateja wa Kongowea huzitaka. Je, faida yake ni halali? Mzee wa nguzoni, aliyekuwa amenyamaza wakati wote, akasema kuwa kabichi ni mali ya aliyeilima na biashara imekamilika. Maalim alikubali kwamba bei imesihi. Kisha akasema kuwa mwenye kununua hali anajua ni mshirika katika dhuluma kwa kadiri ya kujua kwake, na kwamba haki iliyochukuliwa ni ya watu walio chini ya mto, si ya serikali peke yake. Mwenzetu akauliza atawajuaje watu hao, nao ni maelfu. Maalim akamjibu aanze kwa kuwauliza wale wakulima wawili maji yao yakipita shambani huenda wapi, kisha amletee jawabu. Lori lake huondoka Jumatatu.